Kura ya Uji wa Ndagala

Ukimtaja Mwantum mke wa Radjabu mbele ya watu waliokulia Buyenzi miaka ile, wengi watakumbuka kwanza pilau yake. Hapakuwa na arusi wala maulidi mtaani ambapo sufuria kubwa haikuwa chini ya amri yake. Lakini mwenyewe, akiulizwa ni chakula gani kilichompa heshima mjini Bujumbura, hakutaja pilau. Alisema ni uji. Na kila alipousema huo uji alicheka kidogo, kwa sababu ulimpa heshima kwa njia ambayo hakuitarajia, na kwanza ulimtia hasira.

Alikuwa mtoto wa Buyenzi hasa. Babu zake walitoka Manyema, baba yake alikuwa mshona kanzu, na mumewe Radjabu alikuwa fundi wa injini za maboti kule bandarini. Radjabu alikuwa mtu mpole, lakini alipenda kubishana kama wengine wanavyopenda kahawa. Walijaliwa watoto, wa kwanza Huseni, wa mwisho Hamimu. Basi huyo Hamimu, mwaka mmoja kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, aliachishwa ziwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Miguu ilivimba, nywele zikageuka rangi ya shaba, akawa mtoto asiyecheka wala kugombania kitu. Zahanati walimpa dawa. Mama mmoja wa Rumonge aliyekuwa akiuza samaki sokoni akamwambia Mwantum asage ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, unga wake autie kwenye uji wa mtoto asubuhi na jioni. Mwantum akafanya vyote viwili. Hamimu akapona, akarudi kuvuta nguo za mama yake na kulia kwa sauti.

Tangu siku hizo Mwantum hakunyamaza. Mama yeyote aliyepita mlangoni na mtoto mgongoni aliitwa aje aonje uji.

"Ndagala ndiyo iliyomuinua Hamimu," alikuwa akisema.

"Na dawa ya zahanati?" Radjabu aliuliza.

"Dawa ilisaidia ndagala."

"Wenye zahanati wanasema ndagala ilisaidia dawa."

"Baba Huseni, kula uende kazini."

Habari zake zikafika kwa Madamu Geneviève. Huyu alikuwa mjane kutoka upande wa Bukavu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukatiza kelele, naye ndiye aliyesimamia fwaye, nyumba ya mafunzo ya wanawake. Pale walifundishwa kushona, kusoma kidogo, na kutunza watoto. Mwaka 1969 alimwomba Mwantum afundishe uji. Mwantum akakubali kabla hajamaliza kuombwa. Kila wiki wanawake walikusanyika uani, ndagala zikasagwa kwenye kinu, uji ukachemka, na watoto wakapimwa kwa mizani ya kuning'inia, wakipiga mateke hewani kama vyura.

Mambo yakapendeza hata Madamu akataka kufungua madarasa mengine mjini. Wakubwa waliokuwa wakitoa msaada wakasema: vizuri, lakini kwanza mtuonyeshe kwamba uji huo ndio unaokuza watoto. Wakamtuma kijana wa takwimu aje aangalie.

Kijana mwenyewe aliitwa Bahizire. Alikuwa amesoma Kinshasa, vita vya Bukavu vikamfukuza kwao, akavuka mpaka akiwa na sanduku moja na sweta ambayo hakuivua hata kwenye joto la Bujumbura. Alikuwa na adabu nyingi, na alikuwa na swali moja tu, ambalo Mwantum alikuja kulichukia kabla ya kulipenda.

Siku ya kwanza Mwantum alimpeleka moja kwa moja kwenye mizani. "Ona, mwanangu. Watoto wote hawa wamepanda tangu waanze. Hakuna hata mumoja aliyeshuka."

Bahizire akaangalia, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. "Wamepanda, mama Huseni. Wamepanda kulinganisha na nani?"

"Na wao wenyewe! Na walivyokuwa mbele."

"Mutoto wa umri huu anapanda hata kama hajakunywa uji wako. Mi nataka kujua angepanda kiasi gani bila uji."

Mwantum alirudi nyumbani akigonga masufuria. Alimsimulia mumewe akitegemea kupewa haki. Radjabu akakuna ndevu. "Ule kijana iko na akili. Na tena, mwaka huu ndagala zimejaa sokoni, bei imeshuka. Hata watoto wa jirani wasiokuja fwaye wamenenepa. We hujaona?"

Alikuwa ameona, na ndilo lililomuudhi.

Bahizire akasema basi wapimwe na watoto ambao mama zao hawaji. Wakapita nyumba kwa nyumba, mizani ikitundikwa kwenye boriti za watu. Matokeo ya Buyenzi yalipotoka, Mwantum alipiga vigelegele: watoto wa fwaye waliwazidi wenzao kwa karibu kilo nzima. Lakini Madamu Geneviève alikuwa ameanzisha darasa dogo huko Kamenge pia, uji uleule, kinu kilekile, na huko mambo yakawa kinyume. Watoto wa fwaye ya Kamenge walikuwa wepesi kuliko wasiokuja.

"Haiwezekani," alisema Madamu. "Uji mumoja unakuza huku na unakondesha kule?"

Mwantum alidhani kuna mtu anaharibu upishi. Akafunga ushungi, akamwambia Bahizire wafuatane, wakaenda Kamenge kuangalia sufuria. Mpishi wa huko, mama wa Kirundi aitwaye Consolate, aliwapokea kwa ukarimu na kuwaonjesha. Uji ulikuwa mzuri, hauna kasoro. Ndipo alipowatazama akina mama waliokaa kwenye mikeka, na watoto mapajani mwao, akamwona Hamimu wake wa zamani katika kila uso.

"Hawa wamefikaje hapa?" Bahizire aliuliza.

"Muuguzi anawatuma," Consolate alijibu. "Mutoto akianza kudhoofika, anamwambia mama yake, nenda kwa Consolate. Wenye watoto wazima hawana haja ya kuja."

"Ego," waliitikia wanawake kwa Kirundi. Ndivyo.

Mwantum akafikiri juu ya wanawake wake wa Buyenzi. Nani walikuja? Mke wa Massoudi mwenye duka. Wake za makanika wenye kazi ya kudumu. Wenye mabinti wakubwa wa kubaki na nyumba. Mama aliyeuza maandazi barabarani toka alfajiri hakuwa na nafasi ya kukaa mkekani kusikiliza habari za uji. Njiani kurudi, Bahizire alieleza alichokuwa akikihofia toka mwanzo. Kule Kamenge walilinganisha wagonjwa na wazima, huku Buyenzi walilinganisha walionacho na wasionacho, na uji ulibebeshwa sifa na lawama zisizokuwa zake.

"Kwa hiyo tulipima mama zao," alisema Mwantum polepole. "Apana uji."

"Ndiyo hivyo, mama."

Ndipo Mwantum akauliza lililokuwa moyoni mwake miaka yote. "Na Hamimu wangu? Kilichomponya ni ndagala ama ni dawa?"

Bahizire alimjibu kwa upole. "Kwa mutoto mumoja hatutajua. Ulimpa vyote. Ingebidi kuwe na Hamimu mwingine, yeye yule, aliyekosa uji. Na huyo hayuko."

Jibu lile lingeweza kumuumiza. Badala yake Mwantum alijikuta amepumzika, kama mtu aliyeambiwa kwamba mzigo fulani hakutakiwa kuubeba. Hamimu alikuwa mzima, anacheza mpira, basi. Akina mama wengine ndio waliohitaji jibu, na jibu lao lingetafutwa kwa watoto wengi.

Toka hapo hakuwa tena adui wa swali. Bahizire alipopendekeza wawaweke akina mama wawili wawili, mmoja anayekuja na mmoja asiyekuja lakini wanaofanana, Mwantum ndiye aliyewatafuta. Kazi hiyo aliifurahia mno. Alijua nani ana mume bandarini na nani ana mume Uvira asiyerudi. Nani amezaa mara ngapi, nani mtoto wake bado ananyonya. Walipolinganisha wawili wawili, ile kilo nzima ya Buyenzi ikasinyaa, ikabaki kama nusu na kitu.

"Hiyo sasa ni ya kweli," alisema Mwantum.

"Pengine," alisema Bahizire. "Tumefananisha tunachokiona. Kuna kitu mizani yetu haioni?"

Mwantum alitaka kusema hakuna. Lakini alikumbuka jozi moja aliyoipanga mwenyewe. Waume wote wawili wapakuzi wa mizigo, watoto watatu watatu, nyumba zinatazamana. Mmoja alikuja fwaye hata mvua ikinyesha, na mtoto wake alipokohoa alikuwa wa kwanza zahanati. Mwenzake alikuwa mtu wa kesho, kesho. Hata kama uji usingekuwepo duniani, mtoto wa yule wa kwanza angekuwa mnene zaidi.

"Moyo wa mama," alisema akiguna. "Huo hauna mizani."

Ukaja msimu wa kuandikisha darasa jipya. Sifa za uji zilikuwa zimeenea, wanawake wakajaa hadi barabarani, na nafasi hazikutosha hata nusu yao. Zamani Madamu angechagua kwa kujuana. Safari hii Bahizire alimwomba apige kura. Watakaopata waanze sasa, watakaokosa waanze baada ya mvua. "Kura haimjui tajiri wala masikini," alisema. "Haijui mwenye bidii wala mvivu. Wote watagawanyika pande mbili bila sisi kushika mkono wa mtu. Hapo tofauti tutakayoiona itakuwa ya uji."

Wanawake wa Kiislamu walisita. Kura si kamari? Mwantum akaenda kumuuliza Massoudi, ambaye mbali na duka lake alikuwa mwalimu wa madrasa. Massoudi alicheka. Kamari, alisema, ni kutaka kula cha mwenzako. Hii ni kupanga zamu, na hata waliotaka kumlea Bibi Maryamu walipiga kura. Neno hilo likatuliza mtaa.

Wakatia maharage kwenye chungu, meupe na mekundu, wakafunika kitambaa. Kila mama alipita, akaingiza mkono, akatoa harage. Jeupe, unaanza. Jekundu, unasubiri. Kulikuwa na vicheko na miguno, mmoja akabusu harage lake. Zubeda, jirani wa Mwantum ukuta kwa ukuta, mwanamke kijana muuza maandazi, akatoa jekundu.

"Ni zamu tu, shangazi," alimwambia Mwantum, ingawa hawakuwa ndugu. "Nitasubiri."

Mwantum alikuwa ameahidi, kama walivyoahidi wasaidizi wote, kwamba hatafundisha wa harage jekundu mpaka zamu yao ifike. Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi siku ya kura. Ikawa nzito asubuhi moja alipomwona binti mdogo wa Zubeda amekaa mlangoni. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa karibuni. Alikaa tu. Kuku alipita akala mkate mkononi mwake naye hakulia. Mwantum akachutama, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, na shimo la kidole likabaki.

Hakuingia kwake wala kwa Zubeda. Alikwenda moja kwa moja fwaye, akamkuta Bahizire anakunywa chai.

"Mwanangu, mi navunja ahadi. Nakwambia mbele, sitaki kujificha. Mutoto wa Zubeda anavimba. Leo hii nampeleka zahanati, na leo hii mama yake ataanza uji. Kama hesabu yako inaharibika, iharibike."

Bahizire aliweka kikombe chini, akasimama. "Mama, ungekaa kimya ningekasirika. Nani alikwambia hesabu inakataza kuokoa mutoto? Mpeleke. Mfundishe mama yake. Nitakuja nikusaidie kumbeba."

Mwantum alikuwa amejiandaa kugombana, na sasa hakuwa na wa kugombana naye. "Basi utamtoa upande wa wekundu, umweke kwa weupe?"

"Apana. Nitamuhesabu palepale harage lilipomuweka."

"Lakini atakunywa uji!"

"Atakunywa. Na wale weupe, wote wanakuja?"

Mwantum alikiri kwamba wako walioanza na kuacha.

"Nao nitawahesabu kwa weupe. Nikianza kuhamisha watu kwa sababu ya walichofanya, wenye bidii watakusanyika upande mumoja tena, na wenye watoto wagonjwa upande mwingine. Tutarudia kosa la Buyenzi na la Kamenge. Kura ni kura, mama. Ikishapigwa, hatuigusi."

"Hesabu yako itaonyesha uji ni mdogo kuliko ulivyo."

"Kidogo, ndiyo. Afadhali ipunguze kuliko iongeze."

Wakaenda wote wawili. Bahizire akambeba mtoto hadi zahanati, amemfunika kwa ile sweta, na Zubeda akifuata nyuma anajifuta macho. Mtoto alikaa zahanati siku chache, akapewa dawa na maziwa, kisha akarudi nyumbani na kuanza uji. Mvua zilipokolea alikuwa amerudi kugombana na kuku.

Baada ya mvua wakapima pande zote mbili. Bahizire alijifungia na hesabu zake, akazifanya na kuzirudia, kisha akawaita Madamu Geneviève na Mwantum wakae.

"Upande wa weupe umezidi," alisema. "Na sina wasiwasi, umezidi kweli. Waliofaidika zaidi ni watoto walioachishwa ziwa karibuni. Lakini kwa wastani, tofauti ni ndogo kuliko tulivyoona mbele. Ni kama robo kilo."

Uso wa Madamu ukaanguka. "Robo! Tulianza na kilo nzima. Wakubwa watatucheka."

Mwantum aliinuka akaenda jikoni, akachota mchele kwa kikombe chake cha kupimia, akaumimina kwenye kiganja na kwenye ushungi, akausikia uzito wake. Maisha yake yote alikuwa amepima mchele kwa mikono hiyo. Robo kilo ni kikombe kimoja. Kwa sufuria ya arusi hakikuwa kitu. Kwa mtoto anayetoshea mapajani kilikuwa kitu kikubwa.

Alirudi na mchele wake. "Hiki kikombe," alimwuliza Bahizire, "ni cha uji?"

"Ni cha uji."

"Apana cha ndagala kuwa rahisi mwaka huu?"

"Apana. Wekundu nao walinunua sokoni hapohapo."

"Apana cha waume wenye kazi? Apana cha mama wenye bidii?"

"Hao chungu kiliwagawa pande mbili."

"Basi mi nimetosheka," alisema Mwantum. "Ile kilo nzima, baba Huseni alikuwa ananinyang'anya kila siku mezani. Hiki hakuna wa kuninyang'anya."

Madamu Geneviève alimtazama, akaanza kucheka, na walipokwenda kwa wakubwa alisema hivyohivyo, kwa Kifaransa, bila aibu. Hawakuchekwa. Msaada ukaja, si mwingi kama alivyoota, na madarasa yakapangwa upya ili wenye watoto wanaoachishwa ziwa waitwe mbele. Bahizire alibaki mjini, akapanga chumba Mutanga, akaendelea kuulizauliza watu swali lake katika mambo ya shule na ya soko. Kila Idi alikuja kula kwa Mwantum, na Radjabu alimsubiri kwa hamu, maana hatimaye alikuwa amepata mtu wa kubishana naye ambaye hakuchoka.

Darasa la harage jekundu lilipoanza, Zubeda tayari alijua kusaga na kuchemsha, akawa anamsaidia Mwantum. Mwaka uliofuata alikuwa akifundisha peke yake pale Buyenzi, na Mwantum akatumwa Kibenga, kando ya ziwa, ambako ndagala zilianikwa mchangani mbele ya nyumba na bado watoto walikunywa uji mweupe usiotiwa ndagala.

Siku ya kwanza huko, mama mmoja kijana alisimama pembeni na mtoto kiunoni, hakukaa.

"Wanasema uji wako unafanya watoto wanakuwa majitu," alisema. "Ni kweli ama ni bongo, mnatudanganya tu?"

Miaka ya nyuma Mwantum angeapa kwa jina la Mungu kwamba ni kweli. Alimtazama mtoto, akamshika mguu, akabonyeza, ngozi ikarudi.

"Ni bongo," alisema. "Atakuwa muzito kidogo kuliko angekuwa. Kidogo tu. Na akiumwa, utampeleka zahanati, usinisubiri mimi."

Yule mama akafikiri. Pengine hakuwa amezoea kuahidiwa kitu kidogo. Kisha akasogeza mkeka, akakaa, akamweka mtoto mapajani, na Mwantum akamkabidhi mchi aanze kusaga.